Wembe, kunoa na kunyoa: msamiati wa anayeanza

Wembe ni nomino ya ngeli ya U-ZI: wembe huu, nyembe hizi. Katika matumizi ya leo neno hili hubeba vifaa viwili tofauti. Cha kwanza ni kisu chembamba cha kinyozi, chenye mgongo mnene, upande mmoja wa makali na mpini unaokikunjia ndani. Cha pili ni kile kipande chembamba cha chuma chenye makali pande mbili, ambacho hutumika na kutupwa. Mmarekani King Camp Gillette alipata hataza yake mwaka 1904. Kifaa hiki cha pili kimelitwaa neno kiasi kwamba anayetaka kutaja kile cha kwanza hulazimika kuongeza sifa: wembe wa kukunja, au wembe wa kinyozi. Mfasiri asiliache neno wembe peke yake pale ambapo msomaji anaweza kuelewa kifaa kingine. Kiwembe nacho husikika sana madukani, lakini mtaani lina maana nyingine, ya mwanamume asiyetulia na mwanamke mmoja, na kwa hiyo halifai katika maelekezo rasmi.

Neno lenyewe ni la Kibantu. Katika Shanwe, kata ya Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, mwalimu ana ushahidi wa jambo hili karibu. Makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, yamo katika mkoa huohuo, na Kirundi huita kifaa hiki urwembe, wingi inzembe. Kiambishi kilichobaki kizima katika urw- ndicho kilichopungua hadi kuwa w- katika Kiswahili. Mzizi -embe unaonekana pia katika jembe na kijembe. Kijembe ni kisu kidogo, na vijembe ni yale maneno ya kumchoma mtu pasipo kumtaja.

Kinachowasumbua wanafunzi zaidi ni jozi ya kunoa na kunyoa. Tofauti ni sauti moja tu, na makosa ya kuchapa ni mengi. Kunoa ni kutia makali. Kunyoa ni kuondoa nywele au ndevu kwa makali hayo. Lakini hata neno kunoa likiandikwa sawasawa, bado lina mtego. Wembe wa kukunja hutunzwa kwa njia mbili. Katika kinoo, yaani jiwe la kunolea, makali hutangulia na mgongo hufuata, na kazi hii hufanywa mara chache. Katika ukanda wa ngozi, ambao hutumiwa kabla ya kila kunyoa, mgongo hutangulia na makali hufuata. Kiswahili huziita kazi zote mbili kunoa. Anayeanza akiambiwa tu “noa wembe kwenye ukanda”, huenda akasukuma makali mbele kama afanyavyo kwenye jiwe. Ukanda utachanika na makali yatapinda. Ni bora kuandika “pitisha wembe kwenye ukanda, mgongo ukitangulia”, na kuliacha kunoa libaki kwa jiwe. Sentensi inakuwa ndefu, lakini urefu huo una faida yake. Wembe butu humfanya mtu akandamize, na kukandamiza ndiko kunakokata ngozi.

Kuhusu kunyoa kwenyewe, maelekezo ya msingi ni machache. Ndevu hulainishwa kwa maji ya uvuguvugu na kupakwa povu. Ngozi huvutwa kwa mkono usioshika wembe. Wembe hulazwa kiasi cha nyuzi 30 kutoka usoni. Na mwendo hufuata uelekeo wa ndevu. Anayeanza huanzia mashavuni, palipo tambarare, na kidevu hukiacha mpaka mkono uzoee. Kufuata uelekeo kuna uzito wa pekee kwa wenye ndevu za kipilipili: zikikatwa kwa kupingwa, ncha zake huweza kujikunja na kurudi ndani ya ngozi, na vipele hutokea.

Katika kitenzi hiki kuna historia ya kufurahisha. Shina la zamani lilikuwa na l iliyodondoka: kunyoa. Hata hivyo l hiyo hurudi katika kunyolea na kunyolewa, na hugeuka z mbele ya -i ya mtendaji: kinyozi. Njia hiyohiyo imefuatwa na okoa, okolewa, mwokozi, na lea, lelewa, mlezi. Kinyozi hupokea ki- kama kiongozi, lakini kwa kuwa ni mtu, hupatanishwa kama mtu: kinyozi huyu amefika, vinyozi hawa wamefika. Kinyozi hiki kimefika ni kosa.

Wanafunzi huuliza pia kama “Juma amenyoa” ni sahihi ilhali aliyeshika wembe ni kinyozi. Katika mazungumzo husemwa hivyo kila siku, na hakuna anayepotoshwa. Katika maandishi rasmi tofauti ilindwe: aliyefanyiwa amenyolewa, aliyejifanyia amejinyoa. Methali inalinda tofauti hiyo: mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Zako hapo ni nywele zako, nazo hazikutajwa kwa sababu kitenzi kimekwisha kuzitaja.

Mfasiri wa maelekezo ya afya azingatie jambo moja la ziada. “Usitumie wembe wa mtu mwingine” huweza kusomwa kama suala la umiliki: ukiazimwa kwa ridhaa, hakuna kosa. Hatari inayokusudiwa ni damu, ambayo hubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B. Kwa hiyo iandikwe: “Wembe uliomgusa mtu mmoja usimguse mwingine.”