Safari za Mbali na Kalamu ya Mchoraji

Mchoraji wa Kimarekani, Paul Calle, aliyefariki dunia mwaka 2010, alisifika kwa mambo mawili ambayo hayaonekani kuwa na udugu: wanaanga, na wale wasasi wa karne ya 19 waliotangulia kuingia milima ya magharibi ya nchi yake wakitafuta ngozi za wanyama. Sisi tuonavyo, kwake lilikuwa jambo moja. Asubuhi ya tarehe 16 Julai, 1969, Armstrong, Aldrin na Collins walipokuwa wakivalishwa mavazi ya safari ya mwezini, Calle peke yake miongoni mwa wachoraji aliruhusiwa kuwa nao. Aliwachora kama watu wanaojiandaa kwenda kazini. Stempu yake ya mtu wa kwanza mwezini ilikwisha kuchorwa kabla mguu haujagusa vumbi la huko, na bamba la chuma la kuipigia chapa lilisafiri katika chombo chenyewe. Wala haikuwa bahati: tangu mwaka 1962 shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa na mpango wa kuwaalika wachoraji washuhudie kazi zake.

Nasi tumo katika habari hii. Tunguu, kisiwani Unguja, palikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury. John Glenn alipoizunguka dunia mara 3 tarehe 20 Februari, 1962, alizungumza na kituo hicho. Wananchi waliokitilia shaka kuwa ni kambi ya roketi waliandamana, na mwaka 1964 Serikali ya Mapinduzi ikataka kiondolewe. Haki ilikuwa yake. Lakini picha ya siku zile, iliyochorwa kwa mkono wa mwenyeji, sisi hatujapata kuiona.

Na magharibi yetu je? Kutoka Pangani misafara ilifuata bonde la mto hadi Kilimanjaro na Umasaini, wapagazi wakarudi na pembe za ndovu mabegani. Picha zao tulizoziona ni za wageni, na aghalabu mgeni ndiye aliye mbele, mpagazi ni kivuli nyuma yake.

Mafundi wa rangi Tanga hawakosekani. Kuta za hoteli zetu zinawashuhudia. Maofisa wa utamaduni, wa mkoa na wa visiwani, wangeweza kumpa mmoja wao karatasi, wino na nauli ya kwenda Pangani na Tunguu, akae na wazee. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku aliyopita Glenn, leo amekwisha vuka 80.