Vali ya Usalama katika Behewa la Tangi: Ufungaji, Matunzo na Mipaka ya Ulinzi Wake katika Mazingira ya Dar es Salaam

IKISIRI

Vali ya usalama hufungwa juu ya tangi ili kuachia mvuke pindi shinikizo la ndani linapozidi kiwango kilichowekwa. Makala haya yanaeleza namna vali hiyo inavyofanya kazi, inavyofungwa na inavyotunzwa katika mabehewa ya matangi, kisha yanaonesha mipaka ya ulinzi wake. Hoja kuu ni kwamba vali hii inaweza kukaa miaka mingi bila kufunguka, kwa hiyo kutulia kwake hakuthibitishi uzima wake. Uthibitisho unaotegemeka ni upimaji uliofanyika karakanani na kuwekewa kumbukumbu. Hoja hiyo inajadiliwa kwa kuzingatia hewa ya chumvi ya pwani ya Dar es Salaam na matumizi ya gesi ya mitungi katika vitongoji kama Msasani.

Istilahi muhimu: vali ya usalama, behewa la tangi, shinikizo, gesi ya mitungi, matunzo

1.0 Utangulizi

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034 unalenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Gesi ya mitungi ni mojawapo ya nishati hizo. Gesi hiyo huingizwa nchini kwa meli, na sehemu kubwa ya inayopitia Dar es Salaam hupokelewa Kigamboni, kisha husambazwa zaidi kwa malori ya matangi. Reli za Tanzania, kwa upande wake, zina uzoefu wa miaka mingi wa kubeba petroli na dizeli kwenda bara. Kadiri mahitaji ya gesi yanavyokua, ndivyo swali la kuihamishia sehemu yake kwenye reli linavyozidi kuwa na uzito.

Hata hivyo, uzoefu wa kubeba petroli hauwezi kuhamishwa moja kwa moja kwenda kwenye gesi. Behewa la petroli hubeba kimiminika ambacho shinikizo lake halipishani sana na la angahewa. Behewa la gesi hubeba kimiminika kinachobaki katika hali hiyo kwa sababu tu kimefungiwa chini ya shinikizo kubwa. Tofauti hiyo ndiyo inayoifanya vali ya usalama istahili kuchunguzwa kwa makini.

2.0 Suala la Istilahi

Katika Kiswahili cha vitabu vya fizikia, dhana inayohusika huitwa kanieneo. Katika lugha ya afya na ya kawaida huitwa shinikizo, na katika karakana mafundi husema presha. Makala haya yanatumia shinikizo kwa kuwa neno hilo linaeleweka na makundi yote matatu. Aidha, vali ya usalama inatofautishwa na vali ya kupakulia, ambayo hufunguliwa na mtu. Vali ya usalama hufunguliwa na shinikizo lenyewe. Mafundi wengi huiita sefti vali, jina ambalo halina kasoro alimradi halitumiki kwa vali nyingine zilizo juu ya tangi hilohilo.

3.0 Chanzo cha Shinikizo

Gesi ya mitungi ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Katika nyuzi 20 za Selsiasi, shinikizo kamili la mvuke wa propeni ni takriban kilopaskali 840; katika nyuzi 40 hufikia takriban kilopaskali 1,370. Kwa buteni, viwango hivyo ni takriban 210 na 380. Ikikumbukwa kuwa shinikizo la angahewa ni takriban kilopaskali 100, inaonekana kwamba propeni katika behewa lililoachwa juani hulisukuma tangi kwa nguvu kubwa hata kabla ya ajali yoyote kutokea.

Chanzo cha pili ni kutanuka kwa kimiminika. Propeni ikipashwa kutoka nyuzi 15 hadi 40, ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 8, ilhali petroli katika mabadiliko hayo huongezeka kwa chini ya asilimia 3. Kwa sababu hiyo tangi la gesi halijazwi hadi juu, bali huachiwa nafasi ya mvuke. Tangi likijazwa kupita kiasi, nafasi hiyo huisha kimiminika kinapotanuka. Kuanzia hapo, kila nyuzi inayoongezeka hupandisha shinikizo kwa kasi isiyoweza kulinganishwa na ile ya mvuke. Chanzo cha tatu ni moto wa nje, ambao utajadiliwa katika sehemu ya 7.0.

4.0 Namna Vali Inavyofanya Kazi

Sehemu kuu za vali ni kiti, kizibo kinachokaa juu ya kiti, springi inayokikandamiza kizibo, na skrubu ya kurekebisha nguvu ya springi. Shinikizo la tangi likishinda nguvu ya springi, kizibo huinuka na mvuke hutoka. Shinikizo likishuka hadi kiwango fulani chini ya lile la kufungukia, springi hukirudisha kizibo kitini. Tofauti kati ya viwango hivyo viwili ni ya lazima, kwani bila hiyo kizibo kingepigapiga juu ya kiti na kukiharibu.

Kifaa kinachokaribiana na vali hii ni kisahani cha kupasuka, yaani bamba jembamba linalochanika kwa shinikizo lililokadiriwa. Kisahani hakijifungi tena. Kikichanika, tangi hubaki wazi. Kwa bidhaa zinazoweza kuila vali, kisahani huwekwa chini yake kama ngao. Mpangilio huo una hatari iliyojificha. Kisahani kikipata tundu dogo kama la sindano, shinikizo hupenya na kujaza nafasi iliyo kati yake na vali. Kwa kuwa kisahani huchanika kutokana na tofauti ya shinikizo la chini na la juu yake, sasa hakitachanika katika kiwango kilichokusudiwa. Ndiyo sababu nafasi hiyo huwekewa geji au vali ndogo ya kukagulia.

Matangi ya petroli na dizeli huhitaji pia vali ya kupumulia inayofanya kazi pande zote mbili. Behewa likipakuliwa bila hewa kuingia, shinikizo la ndani hushuka chini ya la angahewa, na tangi la chuma linaweza kubonyea.

5.0 Ufungaji

Kanuni ya kwanza ya ufungaji ni mahali. Vali hufungwa wima juu kabisa ya tangi ili mlango wake uwe katika nafasi ya mvuke. Vali inayoachia mvuke hushusha shinikizo kwa ufanisi. Inayoachia kimiminika humwaga kiasi kikubwa cha bidhaa ambacho hugeuka kuwa wingu la gesi nje ya tangi.

Kanuni ya pili ni njia iliyo wazi. Kati ya behewa la tangi na vali yake ya usalama hakuwekwi vali ya kufungia. Sababu yake ni ya kibinadamu zaidi kuliko ya kimakanika: kinachoweza kufungwa kwa ajili ya matengenezo kinaweza kusahaulika kikiwa kimefungwa. Vilevile tundu la kuingilia lisiwe jembamba kuliko lililosanifiwa. Katika uhandisi wa vali, upotevu wa shinikizo kwenye njia ya kuingilia kwa kawaida hutakiwa usizidi asilimia 3 ya shinikizo la kufungukia. Ukizidi, vali huanza kupigapiga.

Kanuni ya tatu ni muungano. Nyuso za flanji husafishwa na kukaguliwa mikwaruzo. Gasketi huwa mpya na ya aina inayostahimili bidhaa iliyokusudiwa, kwani mpira wa kawaida hulainishwa na gesi ya petroli. Bolti hukazwa kwa zamu za mkabala, kwa hatua na kwa spana yenye kipimo. Bolti zikikazwa kwa kufuatana mduara, flanji hukaa upande, na kuvuja kunakoonekana baadaye hudhaniwa kuwa ni kasoro ya vali.

Kanuni ya nne ni utambulisho. Kila vali huwa na bamba linaloonesha namba yake, shinikizo la kufungukia na uwezo wa kutoa mvuke. Skrubu ya kurekebishia hufungwa kwa waya wenye lakiri ya risasi. Lakiri iliyokatika ni sababu tosha ya kuiondoa vali na kuirudisha kwenye meza ya upimaji, hata kama haivuji.

6.0 Matunzo

Ukaguzi wa macho hufanyika kabla ya kila safari. Mkaguzi hutazama kama kofia ya kuzuia mvua ipo, kama tundu la kutolea maji limeziba, kama kuna kiota cha wadudu, na kama rangi imepakwa juu ya sehemu zinazosogea. Rangi ni adui asiyeshukiwa: behewa lililopakwa upya huonekana limetunzwa, ilhali tabaka la rangi linaweza kukigandisha kizibo.

Ukaguzi wa macho hauwezi kueleza vali itafunguka katika shinikizo gani. Hilo hujulikana kwa kuitoa vali na kuipima kwa hewa au naitrojeni. Shinikizo hupandishwa polepole, na fundi huandika mambo matatu: kiwango ambacho vali imeanza kufunguka, kiwango ambacho imejifunga, na kama inavuja chini ya kiwango cha kufungukia. Katika kanuni za Marekani, kwa mfano, vali ya behewa la tangi inatakiwa isivuje hadi angalau asilimia 80 ya shinikizo la kufungukia. Kwa Ulaya, kanuni za RID zinataka matangi ya mabehewa yakaguliwe kikamilifu kila baada ya miaka 8, na ukaguzi wa kati ufanyike kila baada ya miaka 4.

Utaratibu wa upimaji una jambo moja linalopuuzwa kwa urahisi: vali hupimwa kwanza kama ilivyotolewa, kabla ya kusafishwa. Vali ikisafishwa kwanza na kisha kupimwa, cheti kitaonesha kuwa ni nzima, lakini hakuna atakayejua kama ilikuwa nzima siku ya mwisho ilipokuwa safarini. Kipimo cha awali ndicho kinachoonesha kama muda kati ya ukaguzi na ukaguzi ni mrefu mno. Bila hicho, karakana hutunza vali mojamoja lakini haijifunzi lolote kuhusu kundi zima.

7.0 Mipaka ya Ulinzi

Mnamo 5 Julai 1973, katika mji wa Kingman, Arizona, behewa la propeni liliwaka moto wakati likipakuliwa. Vali ya usalama ilifunguka. Hata hivyo, baada ya takriban dakika 20 tangi lilipasuka, na wazimamoto 11 walikuwa miongoni mwa waliopoteza maisha. Maelezo yake yako katika chuma chenyewe. Sehemu ya tangi iliyoguswa na kimiminika hupozwa nacho, lakini sehemu ya juu iliyoguswa na mvuke haina kipoza. Moto ukiipiga, chuma hulainika na kupasuka katika shinikizo ambalo vali ilisanifiwa kulivumilia. Aidha, kadiri vali inavyotoa mvuke ndivyo kimiminika kinavyopungua na eneo kavu linavyopanuka.

Kutokana na ajali za aina hiyo, mwishoni mwa miaka ya 1970 Marekani iliagiza mabehewa ya gesi yawekewe kinga ya joto pamoja na vali. Baada ya ajali ya Lac-Mégantic nchini Kanada, tarehe 6 Julai 2013, ambamo watu 47 walifariki, kanuni za mwaka 2015 ziliunganisha tena kinga ya joto na vali zenye uwezo mkubwa, safari hii kwa mabehewa mapya ya vimiminika vinavyowaka. Kinga hununua muda; vali hushusha shinikizo katika muda huo.

Mpaka wa pili ni mkao. Behewa likipinduka, vali iliyokuwa katika mvuke huweza kuwa ndani ya kimiminika, na miali yake inaweza kulielekea behewa la jirani. Mpaka wa tatu ni mpasuko. Ajali ya lori la mafuta iliyotokea Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019 na kuua zaidi ya watu 100, ilikuwa ya mafuta yaliyokwisha kumwagika. Hakuna vali inayolinda watu dhidi ya kilichokwisha kutoka nje ya tangi.

8.0 Mazingira ya Dar es Salaam

Msasani haina reli, lakini ni mahali panapofaa kuonesha mwisho wa mnyororo. Hoteli na migahawa ya rasi hiyo hupika kwa gesi, mingine ikitumia matangi yaliyosimikwa nje ya jengo, na nyumba hutumia mitungi. Vali ya tangi lililosimikwa hufuata kanuni zilezile: iwe katika mvuke, itoe juu, na isizibwe. Paa likiongezwa juu ya tangi, mvuke uliokusudiwa kupaa hukusanyika chini yake. Na kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa, huteremka kuelekea mifereji na vyumba vya chini.

Hewa ya bahari huongeza tatizo la kutu. Chumvi hutua kwenye springi na kwenye kiti, na unyevu wa masika huikamilisha kazi hiyo. Kwa hiyo muda wa ukaguzi ulionukuliwa kutoka nchi nyingine haupaswi kuchukuliwa kuwa sahihi kwa tangi linalokaa Kigamboni au Msasani. Vipimo vya awali vilivyoelezwa katika sehemu ya 6.0 ndivyo vinavyoweza kuamua muda unaofaa hapa.

Suala la mwisho ni kumbukumbu. Tanzania ina reli za vipimo vitatu vya upana: milimita 1,000 kwa reli ya kati ya zamani, 1,067 kwa TAZARA na 1,435 kwa reli ya kisasa. Mabehewa ya TAZARA huvuka mpaka hadi Zambia. LATRA husimamia usafiri wa reli, EWURA biashara ya gesi, na OSHA ukaguzi wa vyombo vya shinikizo mahali pa kazi. Mgawanyo huo una mantiki, lakini unaweza kuiacha vali moja ikiwa na karatasi katika ofisi tatu bila historia kamili katika yoyote. Rejista inayofuata namba ya vali, badala ya namba ya behewa pekee, ingeziba pengo hilo, hasa kwa kuwa vali hubadilishwa kutoka behewa moja hadi jingine.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa vali ya usalama hukinga hatari moja, yaani kuzidi kwa shinikizo, na kwamba hata hiyo huikinga pale tu ilipofungwa katika mvuke, ikaachiwa njia na kupimwa. Kabla ya gesi kuwekwa kwenye reli kwa wingi, mambo matatu yanahitajika: mabehewa yenye kinga ya joto pamoja na vali, karakana zinazopima vali kabla ya kuisafisha, na rejista moja ya vali inayosomeka kwa Kiswahili na fundi anayeifungua na mkaguzi anayeiidhinisha. Utafiti zaidi unapendekezwa kuhusu kasi ya kutu kwenye springi za vali katika ukanda wa pwani, kwani ndicho kipimo kitakachowezesha muda wa ukaguzi kupangwa kwa ushahidi wa hapahapa nchini.