Moshi Uonekanao na Sumu Isiyoonekana

Gari kuukuu likipanda kutoka tambarare ya Ziwa Jipe hadi Usangi, katika milima ya Upare, injini hulemewa na kasoro zake hudhihirika katika moshi. Moshi mweusi humwambia fundi kuwa mafuta yamezidi hewa: chujio la hewa limeziba au nozeli zimechakaa. Wa buluu ni oili inayoungua, mara nyingi kwa kuwa ringi za pistoni zimelika. Mweupe usiokoma injini ikishapata moto huashiria maji yaliyopenya kwenye silinda.

Kaboni monoksidi, hata hivyo, haina rangi wala harufu. Bomba la moshi likitoboka chini ya sakafu, gesi hiyo huweza kuingia ndani ya gari. Hushikamana na hemoglobini kwa nguvu izidiyo ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Abiria huumwa kichwa, hupata kizunguzungu na kichefuchefu, dalili ziwezazo kudhaniwa malaria.

Mhudumu wa afya na aulize: je, waliosafiri pamoja wameugua pamoja? Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisimtulize, kwani huweza kuonyesha kiwango cha kawaida ilhali damu imepungukiwa oksijeni. Mgonjwa atolewe garini upesi, apate hewa safi, kisha apewe oksijeni kwa barakoa. Gari nalo lisibebe abiria mpaka bomba litengenezwe.