Nina Simone: Mji Ulimchangia Apige Bach, Akaishia Klabu. Mbona Wakamjengea Sanamu?

Wasee wengi wa rika letu walikutana na Nina Simone bila kujua. Ile sauti nyembamba inayolia ndani ya "Blood on the Leaves" ya Kanye West, 2013? Ni yeye. "The Story of O.J." ya Jay-Z, 2017? Ni yeye tena. Ukiuliza mtu atakushow huyo ni msanii wa jazz wa kitambo, basi, stori imeisha.

Sasa, kuna mji mdogo huko North Carolina, Marekani, unaitwa Tryon. Uko chini ya milima ya Blue Ridge na watu wake hawafiki hata 2,000. Kwa barabara kuu ya huo mji kuna sanamu ya shaba ya Nina. Ameketi, vidole viko kwa piano. Hiyo piano ndiyo stori yenyewe, juu wale watu hawakuwahi kumchangia awe mwimbaji.

Umesoma poa: walimchangia. Kama harambee ya kwetu tu.

Jina lake la kuzaliwa ni Eunice Waymon. Alizaliwa Tryon Februari 21, 1933, mtoto wa sita kati ya wanane, kwa keja ya vyumba vitatu. Fathe yake alikuwa mtu wa kazi yoyote inayopatikana. Mathe alikuwa mhubiri wa Methodisti, na siku za kazi anafanya usafi kwa nyumba za Wazungu. Mtoi alianza kupiga piano kabla hata miguu ifike chini, na akawa ndiye anapiga kanisani. Mwajiri wa mathe akaskia, akasema huyu lazima afunzwe, akalipa masomo ya mwaka wa kwanza.

Mwalimu alikuwa Muriel Mazzanovich, mama Mzungu mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa akiishi hapo Tryon. Huyu ndiye alimwonyesha Bach, na Eunice akashikwa kabisa. Mwaka ulipoisha na doo ikaisha, mwalimu hakumwachilia. Akaanzisha mfuko uitwao Eunice Waymon Fund. Weusi wakatoa, Wazungu wakatoa, makanisa yakapitisha sahani. Naye Eunice kazi yake ilikuwa moja: kila baada ya muda anapigia hao watu piano waone pesa yao imefika wapi.

Hebu fikiria huo mzigo kwa mtoto. Wewe ukichangiwa karo, kila ukipita kwa duka unaulizwa masomo inaendaje. Mimi niliacha chuo na mpaka leo kuna mama wa mboga mtaani anauliza graduation ni lini. Sasa Eunice alikuwa anaulizwa na mji mzima, na mji wenyewe ulikuwa wa ubaguzi. Kila akienda kwa mwalimu alikuwa anavuka reli kuingia upande wa Wazungu, na akimaliza anarudi kwao.

Ndiyo maana ile recital inasimuliwa mpaka leo. Alikuwa na kama miaka 11 ama 12. Wazazi wake walifika mapema wakakaa mbele. Mtu akaja akawaondoa ili Wazungu wakae. Eunice akasimama, akasema hapigi kitu mpaka wazazi warudishwe mbele. Na wakarudishwa. Mtoi anayeishi kwa michango ya watu aliwaambia wenye michango, usoni, kwamba pesa yao haijanunua heshima ya mathe na fathe. Wengi wetu tunachangiwa tukiwa watu wazima na hatungethubutu.

Mfuko ukamsomesha sekondari ya wasichana huko Asheville, akamaliza akiwa namba moja. 1950 akaenda New York, shule ya Juilliard, kwa mafunzo ya muda ya kujiandaa. Target ilikuwa Curtis Institute, Philadelphia. Hapa lazima nikueleze kidogo ndio uelewe uchungu. Curtis haitozi mwanafunzi karo, imekuwa hivyo tangu 1928. Inachukua watu wachache sana, lakini ukiingia umeingia. Kwa mtoto wa maskini mwenye kipaji, huo ndio mlango. Familia yake ikahama kabisa ikaenda kukaa Philadelphia kumngoja huko.

1951 akafanya mtihani wa kuingia. Wakamkataa.

Yeye aliamini mpaka mwisho wa maisha kwamba ni rangi. Vladimir Sokoloff, mwalimu wa piano wa Curtis ambaye baadaye alimfunza kibinafsi, alisema haikuwa rangi, ni kwamba waliopita walikuwa wakali zaidi mwaka huo. Mimi nakwambia hivi: hata kama Sokoloff alisema ukweli, mtu aliyeona wazazi wake wakiondolewa kwa kiti angejuaje tofauti?

Alikuwa anataka kuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuheshimika kwa piano ya klasiki. Kitu ambacho watu husahau ni kwamba kulikuwa na mwanamke mweusi kabla yake, Hazel Harrison, mzaliwa wa mji wa La Porte, Indiana. Huyo alipiga na okestra ya Berlin Philharmonic 1904. Elfu moja mia tisa na nne! Lakini kwao Marekani milango mikubwa ilimfungia, na riziki ikatoka sana kwa kufundisha vyuo vya weusi kama Tuskegee na Howard. Mwandishi Ralph Ellison alimjua akiwa mwanafunzi Tuskegee. So hata ukiwa noma kiasi gani, njia ilikuwa nyembamba.

Michango ikaisha na Eunice akaanza kufunza watoto piano. 1954 akapata kazi kwa baa moja Atlantic City, dola 90 kwa wiki. Usiku wa kwanza alipiga tu piano. Mwenye baa akamwambia kama hutaimba, kesho usirudi. Akaimba. Na kwa sababu mathe mhubiri angesikia mtoto wake yuko baa mambo yangeharibika, akabadilisha jina. Nina Simone lilitoka hapo, ni jina la kujificha mzazi.

Zingine unazijua. "I Loves You, Porgy" ikashika 1959. Aprili 12, 1963 akasimama Carnegie Hall, ukumbi aliokuwa akiuota, lakini si kwa Bach. Siku hiyo hiyo Martin Luther King alikamatwa Birmingham. Mwaka huo Medgar Evers akauawa, kisha bomu la kanisani likaua wasichana wanne, na Nina akaandika "Mississippi Goddam". Baada ya hapo hakuwa tena msanii wa kuburudisha meza za watu. Alihama Marekani, akakaa Liberia kuanzia 1974 baada ya rafiki yake Miriam Makeba kumshawishi, akaishia Ufaransa. Vyuo viwili vilimpa udaktari wa heshima, na ukimwita, ilikuwa umwite Daktari Simone.

Curtis? Walimpa digrii ya heshima Aprili 2003. Siku mbili baadaye akafa. Miaka 52 tangu wamkatae, wakafika na siku mbili.

Tryon nao hawakuwa na haraka. Sanamu ilizinduliwa Februari 2010, kazi ya mchongaji Zenos Frudakis, na ndani yake kuna moyo wa shaba wenye sehemu ya majivu yake. Ile keja ya vyumba vitatu ilikuwa karibu kuanguka mpaka 2017, wasanii wanne weusi walipochanga dola 95,000 wakainunua. Ona hiyo: harambee nyingine. 2023 mnada wa sanaa, Venus Williams akiwa kati ya waandaaji, ukaleta karibu dola milioni 6 za kuitengeneza na kuitunza.

Kuna watu husema hakuwalipa wale waliomchangia, juu hakuwahi kuwa kile walichotaka. Wasee kama hao hawajaskia "Love Me or Leave Me" vizuri. Icheki leo, ile ya albamu yake ya kwanza, na ukifika katikati usiruke. Sauti inanyamaza, mkono wa kulia unaanzisha tuni, wa kushoto unaijibu, zinafukuzana juu na chini kama zinajuana kutoka utotoni. Hiyo si jazz ya baa. Ni Bach, vile alifunzwa na Muriel Mazzanovich huko Tryon.