Kijana kabla ya kuvaa deraya: Anavyoandaliwa kupigana na watu wazima

MEI Mosi mwaka 1966, marafiki kadhaa walikutana nyuma ya nyumba moja mjini Berkeley, jimbo la California nchini Marekani, wakashindana kwa upanga na ngao kwa mtindo wa Ulaya ya Zama za Kati. Kutokana na mchezo huo wa siku moja kilizaliwa chama cha Society for Creative Anachronism, kwa kifupi SCA, ambacho kila mwaka hukusanya maelfu ya watu huko Pennsylvania katika "vita" vinavyojulikana kama Pennsic.

Wanachama huja na familia zao, na mtoto aliyekua akiwatazama wazazi wake wakipigana hufika siku akataka kuingia uwanjani mwenyewe. Hapo ndipo penye kazi. Je, kijana wa miaka 16 mwenye kilo 55 aandaliwe vipi kukabiliana na mtu mzima wa kilo 100?

Ieleweke kwanza kwamba haya si maigizo ya jukwaani. Mshindi hapangwi, na pigo hupigwa kwa nguvu halisi. Upanga si wa chuma bali ni fimbo ya henzirani yenye kipenyo kisichopungua milimita 32 hivi. Henzirani ilichaguliwa kwa sababu inapochoka huchanikachanika nyuzi badala ya kukatika na kuacha ncha kali. Kofia huwa ya chuma chenye unene wa takriban milimita 1.6, yenye nondo mbele ya uso. Shingo, viwiko, magoti, figo na sehemu za siri sharti zikingwe. Ni marufuku kupiga mikono kuanzia kiganja, au miguu kuanzia gotini kwenda chini.

Watoto wa miaka sita hadi 17 wana mapambano yao wenyewe, wakigawanywa kwa umri na kutumia silaha zilizofunikwa sponji. Kwa kawaida kijana hufikiriwa kwa mapambano ya watu wazima akitimiza miaka 16, kwa idhini ya maandishi ya mzazi, na baada ya kufaulu mtihani mbele ya waamuzi.

Baadhi ya vijana hutoa hoja ya historia: mbona zamani wenzao walikwenda vitani? Ni kweli walikwenda. Mwaka 1403, katika mapigano ya Shrewsbury nchini Uingereza, mwana wa mfalme aliyekuja kuwa Henry wa Tano alichomwa mshale usoni akiwa na miaka 16. Kichwa cha mshale kilizama kiasi cha sentimita 15, na tabibu John Bradmore alilazimika kubuni chombo maalumu cha kukichomoa. Alipona, lakini ni mfano mbaya wa kumpa kijana anayetafuta ruhusa.

Mwili wa umri huo bado unajengwa. Karibu na ncha za mifupa mirefu kuna tabaka za gegedu ambazo ndizo zinazorefusha mfupa, na kwa wavulana wengi hazijafunga kabisa kabla ya miaka 16 hadi 18. Pigo au mzigo ambao kwa mtu mzima ungeishia kuwa maumivu ya kano, kwa kijana unaweza kuharibu tabaka hizo. Isitoshe, kijana hurefuka haraka, hivyo deraya iliyomkaa vema mwezi Januari huweza kuacha kiwiko wazi ifikapo Julai. Kofia ya kuazima inayochezacheza kichwani ni hatari zaidi ya yote.

Uzito nao una gharama yake. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds walichapisha matokeo ya kuwapima watu waliotembea na kukimbia juu ya mashine wakiwa wamevaa nakala za deraya za karne ya 15, zenye kilo 30 hadi 50. Nguvu iliyotumika ilikuwa takriban mara mbili ya kawaida, na kifua kilichobanwa kiliwalazimu kuvuta pumzi fupifupi. Deraya nyingi za michezo ni nyepesi kuliko hizo, lakini somo ni lile lile: anayejifunza huchoka kabla hajajua kuwa amechoka, na aliyechoka hushusha ngao.

Kwa hiyo mkufunzi mwangalifu haanzi na pambano. Huanza na miguu: kusimama, kusogea, kugeuka. Kisha huja nguzo ya mazoezi, ambayo mwandishi wa Kirumi Vegetius aliieleza zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Kijana hujifunza hapo kupiga kwa nguvu ya kiuno na kuisimamisha fimbo anapotaka. Baadaye huvaa deraya bila kupigana, azoee joto, upofu wa pembeni na kelele ndani ya kofia. Ndipo hupewa mpinzani mzima wa kupigana naye polepole. Mpinzani huyo achaguliwe kwa utulivu wake, wala si kwa vikombe vyake.

Lakini sehemu ngumu kuliko zote haipimwi kwa milimita. Katika mchezo huu hakuna mwamuzi anayehesabu alama. Aliyepigwa ndiye anayetamka kama pigo lilikuwa zuri, na likiwa la kichwa au kiwiliwili, "hufa". Mfumo mzima umesimama juu ya ukweli wa mtu mmoja. Sasa mweke hapo kijana anayetamani kuheshimiwa na watu wazima. Ataona kunung'unika ni utoto, atasema haumwi. Ndiyo maana anapaswa kufundishwa tangu siku ya kwanza kupaza sauti ya kusimamisha pambano, na watu wazima wasimame papo hapo, hata akiwa amekosea.

Hilo huwa na uzito mkubwa zaidi linapofika suala la ubongo. Kofia huzuia fuvu kuvunjika, lakini haizuii ubongo kutikisika ndani yake. Kauli ya pamoja ya wataalamu wa michezo iliyotolewa baada ya mkutano wa Berlin wa mwaka 2016 ilieleza kuwa dalili za mtikisiko huo kwa kawaida huisha kwa watu wazima ndani ya siku 10 hadi 14, ilhali kwa watoto na vijana huweza kuchukua wiki nne. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu au kusahau kidogo yatosha kumvua kijana kofia siku hiyo. Hurejea kwa hatua, kila moja ikichukua walau saa 24, baada ya daktari kuridhika.

Mzazi naye ana wajibu wa kulitazama pambano la watu wazima kwa macho yake kabla ya kuweka saini. Mazoezi yafanyike mbele ya watu wazima wawili wasio na undugu, ambao ni utaratibu wa SCA katika shughuli za watoto. Na hata baada ya kufaulu mtihani, ni busara kijana apigane mmoja kwa mmoja msimu mzima kabla ya kuingizwa katika mapambano ya makundi, ambako mamia ya watu husukumana ngao kwa ngao na aliyeanguka haonekani upesi.