Nyonga mpya, goti jipya: tulinde mgonjwa asirudi hospitali



Nyonga au goti lililokwisha kabisa linaweza kuondolewa na kuwekwa lingine la chuma na plastiki. Operesheni ya nyonga ilifaulu vizuri kwa kazi ya mganga John Charnley, Uingereza, mwaka 1962. Kwetu si ya wazee tu: ugonjwa wa SS huua kichwa cha mfupa wa paja hata kwa kijana.

Siku 30 za kwanza zina hatari kubwa. Marekani, tangu Oktoba 2014, hospitali ambayo wagonjwa wake hawa wanarudi kupita kiasi katika siku hizo inapunguziwa malipo. Lakini mgonjwa akiisha kufika nyumbani, mlinzi wake ni jamaa. Angalieni mambo haya manne:

1. Kidonda. Msikikande na maji ya moto, msipake majani. Kikitoa usaha, au homa ikipanda, nendeni kwa mganga siku ileile. Vijidudu vikifika kwenye chuma, mara nyingi lazima kupasua tena, na operesheni ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

2. Damu kuganda. Kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ni kilometa 300 na zaidi. Simamisheni gari njiani, mgonjwa atembee kidogo na magongo yake. Asiache dawa ya damu hata akijisikia vizuri. Mguu ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika, ni hospitali mara moja.

3. Nyonga kuchomoka. Mwenye nyonga mpya asichuchumae chooni, asikae kwenye kiti kifupi karibu na mbabula, asilale chini. Seremala atengeneze kiti kirefu chenye tundu kwa choo. Mguu ukigeuka ghafula na kuuma, msiuvute, mpelekeni. Mwenye goti jipya, yeye alikunje kila siku kama alivyofundishwa.

4. Kuanguka. Ondoeni mikeka na kamba njiani, wekeni taa usiku.

Mwenye SS aseme mbele ya operesheni, kwa sababu vijidudu vinamshika upesi.

Na wewe mfanyakazi, usikimbilie mashini. Ngoja ruhusa ya mganga. Mganga aliweka kiungo. Jamaa ndio wanaokilinda.