Tundu Katika Ukuta wa Pua

Msomaji asidhani kwamba nitasema habari za tundu la kipini, lile ambalo mabibi wa pwani hutoboa katika bawa la pua kwa ajili ya pambo, maana hilo mwenyewe hulitaka na aghalabu halimdhuru. Tundu ninalolikusudia liko ndani, katika ukuta utengao mianzi miwili ya pua, na mwenye nalo huweza kukaa nalo siku nyingi bila ya kujua, mpaka asubuhi moja mkewe amwulize ni mbinja gani hiyo aipigayo usingizini.

Mbinja ni dalili ya tundu dogo, kwa kuwa hewa ipitayo penye wembamba hulia kama iliavyo katika zumari. Tundu likiisha kupanuka hunyamaza, na mahali pa mlio hushikwa na magaga makavu, damu ya mara kwa mara, na hisia ya kuziba. Hisia ya ajabu, maana pua imezidi uwazi kuliko ilivyoumbwa, illa hewa imepoteza mkondo wake, yazunguka hapo tunduni na kuzikausha kingo. Likikua mno upande wa mbele, mgongo wa pua hukosa mhimili ukabonyea mfano wa tandiko la farasi.

Ukuta huo nyuma ni mfupa na mbele ni gegedu, na gegedu halina mshipa wa damu hata mmoja ulio wake: huishi kwa fadhila ya utando laini, wenye damu tele, unaolifunika pande zote mbili. Utando ukiharibika upande mmoja, wa pili huendelea kulilisha. Ukiharibika pande mbili mahali pamoja, gegedu hufa kwa njaa. Hapo ndipo zinapokutana sababu zote, nyingi kama zilivyo: kidole kichokonoacho kila siku, betri ndogo ya saa ambayo mtoto amejitia puani, nayo huunguza nyama kwa muda wa saa chache tu, kokeini, ikazayo mishipa ya damu mpaka nyama ikafa, kaswende, ukoma na kifua kikuu, kuchomwa pande zote mbili kwa siku moja ili kukomesha muhina, na, sina budi kukiri kwa niaba ya wenzangu, kisu cha daktari mwenyewe alipokuwa akiunyosha ukuta uliopinda.

Kazi nazo hutoboa. Katika kiwanda cha kromu cha Rutherglen, karibu na Glasgow, vumbi la kromu lilikula pua za watenda kazi katika karne ya 19, hata mwaka 1899 Keir Hardie, mtetezi wa wafanyakazi, akakiandama kiwanda hicho katika gazeti lake. Tundu la kromu aghalabu haliumi, na kwa hiyo hadhari huchelewa.

Basi tabibu mwenye busara haanzi kwa kisu. Hutafuta kwanza sababu, na akiwa na shaka hukata kipande kidogo cha ukingo kikatazamwe kwa hadubini, kwani maadamu maradhi yangali hai, au kidole hakijaacha ada yake, kiraka chochote kitaliwa kama lilivyoliwa gegedu. Wala si kila tundu listahililo kuzibwa. Lililo nyuma, lisilomsumbua mtu, mimi huona heri kuliacha, kwa maji ya chumvi na mafuta ya kulainisha. Na asiyefaa kupasuliwa huweza kutiwa kifungo cha silikoni, chenye visahani viwili vinavyobana ukuta huku na huku.

Ama upasuaji wenyewe, ambao hufanywa chini ya nusukaputi, hutofautiana na kazi ya fundi wa kanzu kwa jambo moja: fundi hununua kitambaa chake dukani, ilhali mpasuaji hana ila kitambaa kilichomo puani mle mle, nacho lazima kiendelee kuwa hai wakati wa kuhamishwa. Huubandua utando wa sakafu ya pua na ule wa juu, akiuacha umeshikamana na mishipa yake, kisha huusogeza taratibu mpaka kingo zikutane bila ya kuvutana, akazishona. Kwa kuwa utando hutoka chini na juu, kimo cha tundu humtaabisha kuliko urefu wake; likipita sentimita 2 matumaini hupungua, hata katika mikono mizuri. Baina ya mishono ya pande mbili hutia tabaka la tatu, aghalabu ngozi nyembamba ifunikayo msuli wa panja au gegedu la sikio, ili mshono usilale juu ya mshono, na ili utando upate jukwaa la kutambalia kama ukingo mmoja utafumuka.

Kisha karatasi za silikoni hushonewa kila upande wa ukuta, zikakaa humo wiki 2 au 3. Muda huo mgonjwa hapengi kamasi, havuti sigara, na chafya ikimjia huipiga kinywa wazi. Siku ya kuziondoa, kabla daktari hajasema neno, wengi wao hufumba kinywa, wakavuta pumzi polepole kwa pua, na kusikiliza.